Kutoka Mwenge hata Pompeii



Mwenge ni mahali pa njia. Hapo Barabara ya Sam Nujoma, itokayo Ubungo, hukutana na Barabara ya Bagamoyo, iendayo kaskazini mpaka mji ule wa kale wa misafara. Mtu ashukaye garini hapo aweza kwenda kwa miguu mpaka soko la vinyago, na akiwa na nguvu aweza kupanda hata Mlimani, palipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Au akirudi upande wa mjini ataifikia Makumbusho ya Kijiji. Wenyeji wa zamani huikumbuka stendi kubwa ya daladala iliyokuwapo hapo kabla haijahamishiwa Makumbusho. Jina limebaki, na zogo pia limebaki.

Neno lenyewe mwenge ni moto ubebwao mkononi ili kumulika njia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro, na habari hiyo kila mtoto wa shule aijua. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba kilele kile cha Kibo ni ukingo wa kinywa cha mlima wa moto uliolala, na kwamba ndani ya shimo lake ungali ukitoka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Moto mdogo wa wanadamu uliwekwa juu ya moto mkubwa wa Mwenyezi Mungu, na ule mkubwa ukanyamaza kwa idhini Yake. Maneno yangu ya mwezi huu yahusu mioto mikubwa ya namna hiyo, na namna wanadamu wanavyoisimulia.

Soko la vinyago la Mwenge ni safu za vibanda. Mbele wamekaa wauzaji, na nyuma wamekaa wachongaji. Huko nyuma ndiko kwenye mazungumzo mazuri. Fundi hukaa chini, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo zake, na tezo ikipanda na kushuka mpaka ganda jeupe la mti liishe na moyo mweusi utokeze. Mabingwa wa kazi hii ni Wamakonde, ambao wazee wao walitoka nyanda za juu za Newala na ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji. Kazi yao mashuhuri ni lile gogo moja lenye watu wengi waliobebana na kushikana, mzee juu ya kijana na mama juu ya mtoto, hata huwezi kujua mkono huu ni wa nani. Mimi ni mwalimu wa chuo, na nyumbani kwangu hamna sanamu. Hukumu yake yajulikana, wala si mada yetu ya leo. Lakini marufaa ninayowekea Msahafu niliyanunua pale, na sijaona mbao iliyounganishwa kwa ustadi kuliko ile.

Kando ya njia, baina ya soko na kituo cha magari, huwapo watu wauzao vitabu vilivyokwisha somwa. Huvitandaza juu ya turubai: vitabu vya sheria vya wanafunzi wa Chuo Kikuu, kamusi zisizo na majalada, na riwaya za Kizungu ambazo nusu yake zimeliwa na mchwa. Hapo ndipo nilipokiona kitabu chenye picha ya mlima ukitapika moto juu ya mji. Nikauliza bei, nikaambiwa shilingi 5,000, tukaafikiana kwa 3,000. Jina lake kwa Kiingereza ni The Last Days of Pompeii, maana yake Siku za Mwisho za Pompeii, nacho kilitungwa na Mwingereza aitwaye Edward Bulwer-Lytton, kikatolewa mwaka 1834.

Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na Kiingereza changu hakivuki mto mkubwa. Basi binti yangu, aliye kidato cha tano, ndiye aliyekuwa akinisomea kila siku baada ya sala ya Isha na kunifasiria, na mama yake akisikiliza huku akichambua mchele. Nyumba nzima tulikuwa na hamu. Habari ya Pompeii si ngeni kwa watu wa dini. Mara nyingi hutajwa katika mawaidha, na siku hizi picha za maiti wa mji ule hupita katika simu za mkononi, pamoja na maneno makali ya kwamba waliangamizwa kwa maovu yao. Tulitaka kujua yaliyowapata.

Kwanza nieleze kisa chenyewe. Pompeii ulikuwa mji wa Warumi katika nchi ya Italia, karibu na Naples ya leo, chini ya mlima uitwao Vesuvius. Ulikuwa na masoko, mabafu, maduka ya mikate, na uwanja wa kuchezeshea watu na wanyama wakali. Mwaka 62 baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) tetemeko kubwa liliubomoa mji kwa sehemu nyingi, nao wakawa wakijenga upya. Miaka 17 baadaye, mwaka 79, mlima ulipasuka. Siku nyingi ilisemwa kwamba tarehe ilikuwa 24 Agosti. Lakini mwaka 2018 yalionekana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe ya katikati ya Oktoba, na wataalamu wengi sasa waona msiba ule ulitokea majira ya vuli. Siku ya kwanza yalinyesha majivu na mawe mepesi yenye vitundu, kama lile jiwe tunalosugulia magaga ya nyayo. Kisha yakashuka mawingu ya hewa ya moto na vumbi, yaendayo kasi kuliko farasi, yakawaua wote waliosalia. Mji ukafunikwa kwa kina cha mita 4 hata 6, ukasahauliwa. Watu walianza kuufukua mwaka 1748.

Sasa turudi kwenye riwaya. Tulisoma usiku wa kwanza, wa pili, wa tano, na mlima hautikisiki. Yupo kijana tajiri wa Kiyunani, jina lake Glaucus. Yupo msichana mzuri, Ione. Yupo mchawi wa Kimisri, Arbaces, amtakaye msichana kwa hila. Na yupo kijakazi kipofu, Nydia, auzaye maua, ampendaye kijana yule bila kupendwa. Karamu hufuata karamu, na barua za mapenzi hufuata barua za mapenzi. Kitabu kimegawanywa sehemu 5, na msiba wenyewe umewekwa katika sehemu ya mwisho. Mama wa nyumba aliuliza usiku mmoja, "Hivi huo mlima umekwenda likizo?" Tukacheka sote, lakini alikuwa amesema kweli.

Hata hivyo, kuchelewa kwa mlima ni kosa dogo. Mtungaji ana haki ya kuwajulisha wasomaji watu wake kabla ya kuwatia msibani. Lililotusononesha ni namna mlima ulivyotumiwa ulipofika. Glaucus amesingiziwa mauaji, ametupwa uwanjani ili aliwe na simba. Simba anakataa kumla. Mara uongo wa Arbaces unafichuliwa. Watu wanataka kumtupa yeye kwa simba. Na dakika hiyo hiyo Vesuvius unapasuka. Maelfu wanakufa, lakini wapenzi wawili wanaponyoka, na adui yao anaangukiwa. Yaani mlima mzima, pamoja na mji mzima, umefanywa mtumishi wa harusi ya watu wawili! Waliokufa hawana majina wala nyuso, wamekuwa kama pazia lililotundikwa nyuma ya bwana na bibi arusi.

Tena uovu wote wa kitabu umebebeshwa mtu wa Misri. Sina haja ya kulieleza hili kwa urefu. Mtungaji alikuwa mtu wa zama zake na wa nchi yake, na kwa watu wa namna hiyo uchawi na hila vilitoka Mashariki na Afrika, na wema ulitoka kwao. Mtoto wetu aliligundua mwenyewe bila kuambiwa, nami nilimshukuru Mungu kwa macho yake.

Insafu yatupasa. Pana jambo moja jema katika riwaya hiyo, nalo ni la yule kijakazi kipofu. Majivu yalipoleta giza, wenye macho wote walipotea katika mitaa yao wenyewe. Nydia, ambaye giza lilikuwa desturi yake, aliwashika mkono Glaucus na Ione akawafikisha baharini. Hapo binti yangu alisita kusoma, na mimi nikaikumbuka Sura ya Abasa, ambayo kwayo Mtume wetu (S.A.W.) alielekezwa kumpa kipofu haki yake mbele ya wakubwa wa Kikureshi. Lakini mtungaji hakujua la kufanya na mtu mwema kama huyo. Alipokwisha kuwaokoa wenziwe, akamfanya ajitupe baharini usiku kwa uchungu wa mapenzi. Hivyo aliye bora kuliko wote katika kitabu akapewa mwisho ulio mbaya kuliko wote. Mama wa nyumba alisimama akaenda kulala bila kusema neno.

Riwaya ikawekwa rafuni. Hata hivyo hamu haikuisha, na binti akaazima shuleni kitabu cha taarikh. Humo tulikuta kwamba yupo mtu aliyeuona msiba ule kwa macho yake na kuuandika: kijana wa miaka 17, Pliny Mdogo, aliyekuwa Misenum, ng'ambo ya ghuba. Baada ya miaka mingi alimwandikia barua mbili mwanahistoria Tacitus. Barua hizo zote mbili hazitimizi sura moja ya riwaya ile, lakini zina uzito usiopatikana katika riwaya nzima. Anaeleza wingu lililopanda kama mti wa msonobari, shina refu na matawi yametanda juu. Anaeleza watu waliofunga mito vichwani kwa vitambaa ili kujikinga na mawe. Anaeleza mjomba wake, Pliny Mkubwa, amiri wa merikebu, aliyekwenda na mashua zake ili kuwaokoa watu, akafia ufukweni Stabiae. Na anaeleza jinsi mama yake, mtu mzima na mzito wa mwili, alivyomsihi amwache nyuma ajiokoe nafsi yake, naye akakataa, akamshika mkono wakaenda pamoja gizani, huku wakisikia wanawake wakilia, watoto wakiita, na wanaume wakitafuta jamaa zao kwa sauti.

Kijana yule hakuwa katika dini yetu. Lakini mtu aliyefundishwa kuwafanyia wema wazazi wawili atamwelewa mara moja. Na hapa ndipo tulipoiona tofauti: mwenye kushuhudia husema aliyoyaona na hukoma pale macho yake yalipokoma, ilhali mtunga riwaya yule alijua kila kitu, hata sababu ya mlima kupasuka.

Baadaye nilikumbuka kwamba sisi nasi tunazo barua za namna hiyo. Mwaka 654 wa Hijra, ambao ni 1256 wa Miladi, mwanzo wa Jumada al-Akhira, ardhi ya Madina ilitetemeka siku kadhaa, kisha moto ukatoka katika nchi ya mawe meusi upande wa mashariki ya mji. Ulidumu siku zipatazo 50, na mawe yaliyoyeyuka yakatiririka kama mto. Imamu Nawawi, aliyeishi zama hizo, ameutaja moto huo katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, mahali penye Hadithi isemayo kwamba Kiyama hakitasimama mpaka utoke moto katika nchi ya Hijaz utakaoangaza shingo za ngamia huko Busra. Naye Abu Shama, mwanachuoni wa Damascus, alipokea barua kutoka kwa watu wa Madina, akazitia katika taarikh yake.

Barua hizo zasimulia watu wakikusanyika katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.), wanawake na watoto pia, wakilala humo kwa kuomba maghufira. Zasimulia kadhi wa mji akimwendea amiri na kumnasihi, na amiri akiwaacha huru watumwa wake na kuwarudishia watu mali zao. Moto ukageukia kaskazini, na mji ukasalimika.

Tazama, msomaji, watu wa Madina walivyofanya. Waliiona alama, wakaogopa, nao waliogopa dhambi zao wenyewe. Hapana aliyesimama akasema moto huu umekuja kwa ajili ya fulani wa mtaa wa pili. Kadhi alikwenda kwa mwenye nguvu, na mwenye nguvu akarudisha alichochukua. Toba yao ilionekana katika mifuko yao.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Pale Mwenge yupo mama mmoja auzaye vitenge, mzaliwa wa Goma, mashariki ya Kongo, aliyeolewa na mtu wa Kigoma akahamia huku. Goma ni mji wa watu wasemao Kiswahili, ulio kando ya Ziwa Kivu, chini ya mlima wa moto uitwao Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470. Binti yangu alipokuwa akinunua kitenge alimhadithia habari ya Pompeii, na yule mama akasema, "Hayo sisi tumeyaona." Siku iliyofuata nilikwenda kumsalimu, akanikaribisha juu ya kigoda, akanieleza.

Ilikuwa tarehe 17 Januari 2002. Mlima ulipasuka ubavuni, na mto wa mawe ya moto ukaingia katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita madukani ukaingia ziwani. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Watu kwa laki waliondoka kwa miguu, wengi wao wakavuka mpaka wakaingia Gisenyi katika nchi ya Rwanda. Yeye alikuwa msichana. Alisema mama yake aliondoka na sufuria ya maharage yaliyokuwa jikoni, akasahau sanduku la nguo na vyeti. Na njia nzima waliyabeba maharage yale, mpaka wakayala usiku pamoja na watu wasiowajua. Alisema vijana walisukuma wazee juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao watu wa Goma hubebea mizigo. Alisema baada ya siku chache walirudi, wakatembea juu ya mawe ambayo yalikuwa yangali ya moto, na ndala za mdogo wake zikayeyuka. Kisha watu wakayavunja mawe yale yale meusi, wakajengea kuta za nyumba.

Nilipomwuliza kama mlima ule umetulia, alitikisa kichwa. Ulipasuka tena tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi. Moto ukasimama pembeni ya mji, lakini watu wapatao 30 walikufa, na siku chache baadaye maelfu kwa maelfu wakaamriwa kuhama kwa hofu ya mpasuko mwingine. Tena alinifundisha neno ambalo sikulijua: mazuku. Ni hewa nzito isiyoonekana, itokayo ardhini katika nchi ile, ikajikusanya mabondeni kama maji katika karai. Mbuzi akiingia humo hufa, na mtoto akimfuata mbuzi hufa naye. Wataalamu wa dunia nzima sasa hulitumia neno hilo la Kiswahili katika vitabu vyao. Hii ni elimu iliyopatikana kwa misiba, na watu wa Goma ndio waliyoitoa.

Kisha yule mama akanyamaza kidogo, akasema, "Maalim, nikuulize jambo." Akanieleza kwamba siku moja, katika matanga, alimsikia mtu akisema mbele za watu kwamba Goma iliungua kwa sababu ya ulevi na ngoma za watu wake, kama ile miji ya zamani. Yeye hakujibu, kwa kuwa matanga si mahali pa kubishana. Lakini tangu siku ile neno lile limemkaa kifuani. "Shangazi yangu alifia pale," akasema. "Hakuwa mlevi, Maalim. Alirudi ndani kuchukua cherehani."

Ndugu wasomaji, swali hilo lastahili jawabu, wala si la mama yule peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023, katika nchi yetu, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, ambao ni mlima wa moto uliokufa zamani, vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vyake. Watu zaidi ya 80 wakafa. Ndugu zetu wa Ngazidja waliona majivu ya Karthala mwaka 2005 yakiingia katika birika zao za maji ya mvua. Je, tuseme nini juu ya watu hawa?

Jawabu la kwanza ni kwamba Mwenyezi Mungu ametueleza katika Qur'ani habari za Adi, Thamudi na watu wa Luti, na ametueleza sababu ya kuangamizwa kwao. Tumeijua sababu hiyo kwa wahyi. Kwa Pompeii hatuna wahyi, kwa Goma hatuna, kwa Katesh hatuna, na wahyi umekwisha kukatika kwa kufa kwake Mtume (S.A.W.). Asemaye kwa yakini kwamba mji fulani uliangamizwa kwa dhambi fulani amedai elimu ya ghaibu, ajue asijue. Katika Pompeii walikuwamo waovu, bila shaka. Lakini mwaka 1863 mfukuaji Giuseppe Fiorelli alipoanza kutia plasta katika mianya iliyoachwa na miili majivuni, zilitokea sura za kila namna ya watu: watu wazima, watoto, na hata mbwa aliyefungwa mnyororo akashindwa kukimbia. Fundi wa Mwenge huondoa mti ili mtu atokeze. Kule mtu aliondoka, nafasi yake ikabaki. Nani aliyesoma daftari ya matendo katika nafasi hizo?

Jawabu la pili ni mwendo wa Mtume mwenyewe. Siku alipokufa mwanawe Ibrahimu jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya Ibrahimu. Lingekuwa neno la kumtukuza yeye na nyumba yake. Naye alilikataa: aliwaeleza kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, na akawaamuru kusali. Basi ikiwa hakuruhusu alama ya mbinguni kufungwa na msiba wa mwanawe mpenzi, vipi sisi tuufunge mlima na karamu za jirani zetu? Hapa mtunga riwaya wa Kiingereza na msemaji wa matangani wamekutana njia moja: kila mmoja ameuchukua moto wa Mungu akautia katika kisa chake mwenyewe.

Na Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipoona wingu au upepo mkali uso wake ulibadilika kwa hofu, isije ikawa humo mna adhabu. Yeye aliyekuwa mbora wa viumbe aliogopa, na hofu yake ilianzia kwake na kwa umati wake.

Jawabu la tatu ni la rehema. Katika Hadithi sahihi wamehesabiwa mashahidi watano, na mmoja wao ni aliyeangukiwa na jengo au kifusi. Muumini aliyefia chini ya tope la Katesh au chini ya ukuta wa Goma twamtarajia daraja hiyo. Na asiyekuwa Muislamu hesabu yake iko kwa Mola wake, nasi wajibu wetu kwake ni sanda, chakula kwa yatima wake, na ulimi uliofungwa. Nilimwambia mama yule maneno haya kwa ufupi. Aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akanipimia binti yangu doti moja, akakataa kupokea fedha ya nusu yake.

Huenda mtu akauliza, basi hapana mazingatio katika misiba? Yapo, tena makubwa. Qur'ani yatuamuru mara nyingi tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotangulia. Lakini kutazama kuna adabu. Katika mwaka wa 9 wa Hijra, akienda Tabuk, Mtume (S.A.W.) alipita Hijr, palipokuwa na nyumba za Thamudi zilizochongwa majabalini. Alikifunika kichwa chake, akamharakisha mnyama wake, na akawakataza masahaba wake kuingia katika makao ya watu wale ila wawe wakilia, wasije nao wakapatwa na yaliyowapata wale. Hawa ni watu ambao adhabu yao imethibiti kwa wahyi; na hata hivyo hakuna aliyepita akiwacheka. Seuze mji ambao hatukuambiwa habari yake?

Na mazingatio ni pamoja na kuchukua hadhari. Watu wa Pompeii hawakujua kwamba tetemeko la mwaka 62 laweza kuwa onyo la mlima. Sisi twajua zaidi. Nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa, na Ol Doinyo Lengai, kule kaskazini, ulitema majivu mwaka 2007 na 2008. Ahimizaye watu kupanda miti ubavuni mwa mlima, na amwonyaye mtoto asiingie bondeni penye mazuku, anafanya ibada. Kumfunga ngamia ni sehemu ya kutawakali.

Nasaha yangu kwa nyumba za Waislamu ni hii. Someni na watoto wenu, hata riwaya isiyopendeza, kwa maana riwaya ile iliyotuchosha ndiyo iliyotufungulia mlango wa barua za Pliny, na barua za Madina, na kibanda cha mama wa Goma. Lakini msiache mtoto aishie katika riwaya. Mwulizeni: je, aliyeandika aliona? Waliokufa wana majina? Ni nani aliyefanywa mwovu, na kwa nini ni yeye? Pili, mkipokea katika simu picha za maiti wa msiba wowote pamoja na hukumu juu yao, msizipitishe. Tatu, katika kila mtaa wa mji huu wapo watu waliokimbia moto, maji au vita. Waulizeni, na wasikilizeni mpaka mwisho, na mwenye kuweza kuandika na aandike, kwa sababu habari za Goma kwa Kiswahili ziko vifuani mwa watu kuliko zilivyo vitabuni, na vifua havidumu.

Mwenyezi Mungu atusitiri na misiba ya ardhi na ya mbingu, awarehemu waliofikwa nayo, na azilinde ndimi zetu na kuwasemea wafu tusiyoyajua. Amin.